Kinanda Kimefika Kimevunjika: Kukirudisha, Kubaki Nacho kwa Bei Pungufu, au Kumdai Msafirishaji?

Mtu wa Kisumu, Kakamega au Busia anayenunua chombo cha muziki kilichotumika mara nyingi humpata muuzaji wa Nairobi kupitia Facebook, tovuti ya mauzo ya Jiji au kundi la WhatsApp la wanamuziki, humlipa kwa M-Pesa, hutumiwa picha ya risiti ya mzigo, na kesho yake asubuhi husimama kwenye foleni ya afisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi. Kufikia hapo katoni imesafiri takriban kilomita 350 kupitia Nakuru na Kericho, imerushwa na kila tuta, na huenda imelaliwa na gunia la viazi kutoka Mau Summit hadi Ahero. Ikifunguliwa na kilichomo kikawa kimevunjika, mnunuzi ana njia tatu: kukirudisha chombo na kudai pesa zote, kubaki nacho kwa bei pungufu ili akitengeneze, au kumdai fidia aliyekisafirisha.

Mimi ni mtunzaji wa vyombo vya kwaya moja hapa Kisumu, na njia zote tatu nimezipitia. Nimeona watu wengi wakichagua kwa hasira: anayemkasirikia muuzaji hurudisha hata kitu ambacho fundi angekimaliza kabla ya chakula cha mchana, na aliyechoka na simu hubaki na spika ambayo haitapona kamwe. Kwa maoni yangu, uchaguzi huu huamuliwa na maswali mawili tu, nayo ni kilichovunjika ni nini, na pesa zako kwa sasa ziko mikononi mwa nani.

Hata hivyo, hakuna njia kati ya hizo tatu inayofanya kazi bila ushahidi, na ushahidi hukusanywa pale pale afisini. Piga picha katoni ikiwa bado imefungwa, pande zote sita, hasa pembe zilizobonyea. Kisha rekodi video moja isiyokatika ukiifungua, ukionyesha kilichotumika kukilinda chombo, au kutokuwepo kwake. Mwombe karani aandike kwenye nakala ya risiti au kwenye daftari lake kwamba mzigo umepokelewa ukiwa umeharibika, na atie sahihi na tarehe. Wapo watakaokataa, basi andika mwenyewe juu ya nakala ya afisi kabla ya kutia sahihi yako, kwa sababu sahihi isiyo na neno lolote husomwa baadaye kuwa ni ungamo kwamba mzigo ulifika salama. Usitupe katoni wala sponji. Bila hivyo utakirudisha chombo ndani ya nini, na utathibitishaje kwamba kilifungwa vibaya?

Jambo jingine ambalo limewaponza wengi ni umeme. Usikiunganishe chombo na umeme kabla ya kusoma kibandiko kilicho nyuma yake. Umeme wetu ni wa volti 240, ilhali vyombo vilivyotoka Marekani vimetengenezewa volti 120 na vya Japani volti 100. Vilivyotoka Uingereza havina shida hiyo, hata plagi yao ni kama yetu, na ndiyo sababu mojawapo ya watu kupenda kusikia neno «ex-UK», yaani kilichotumika Uingereza. Ukichomeka amplifaya ya volti 120 ukutani, ikatoa moshi, dai lako la uharibifu wa safarini limekufa hapo hapo, hata kama kweli katoni ilikuwa imekanyagwa. Vivyo hivyo, ukikitikisa chombo ukasikia kitu kinagongagonga ndani, usikiwashe, maana skrubu au kipande cha chuma kilicholegea kikiangukia ubao wa saketi kinaweza kuunguza kile ambacho safari ilikiacha kizima.

Kilichovunjika ni nini

Uharibifu wa safarini ni wa aina mbili, na zote mbili hudanganya macho. Upo unaotisha kwa kuonekana lakini ni mwepesi, na upo usioonekana lakini ni mzito.

Tuanze na kinanda. Vibonyezo viwili vilivyovunjika, kona ya plastiki iliyopasuka, au soketi ya kutolea sauti iliyolegea, ni mambo ya fundi. Vibonyezo vya miundo inayopatikana kwa wingi, kama ile ya Yamaha ambayo makanisa yetu mengi huitumia, hung'olewa kutoka vinanda vilivyokufa na kuuzwa kimoja kimoja. Soketi iliyolegea huhitaji kuchomewa risasi upya, kazi ya nusu saa. Wakati mwingine kinanda hakitoi sauti kabisa kwa sababu tu waya bapa unaounganisha ubao mmoja na mwingine umechomoka kwa mtikiso, na fundi akiurudisha mahali pake kazi imekwisha. Kioo cha skrini kilichopasuka ni cha katikati: kinatengenezeka kama skrini ya muundo huo inapatikana, na isipopatikana utakuwa unachagua midundo kwa kukisia. Ubao mkuu wa saketi uliopasuka ni wa kurudisha bila mjadala, kwa kuwa hata ukiungwa, ufa mdogo usioonekana hurudi siku ya joto, katikati ya ibada.

Kwa spika, mambo huenda kinyume. Sanduku lililochubuka na wavu uliobonyea si kitu. Hatari iko ndani, kwenye wufa yenyewe, yaani kile kipaza sauti kikubwa cha sauti nzito. Wufa ya inchi 15 hubeba sumaku nzito, na spika ikidondoshwa kutoka paa la gari, sumaku hiyo inaweza kusogea milimita moja tu ikaanza kuikwaruza koili, ule waya uliosokotwa unaoisukuma karatasi ya spika. Kwa nje huoni lolote. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za katikati ya karatasi ya spika, isukume taratibu sawasawa ndani na nje, na usikilize: ukisikia mkwaruzo kama wa msasa, wufa hiyo imekwisha. Atakayekuambia kwamba ataigonga sumaku irudi mahali pake, mshukuru kisha uondoke. Wufa iliyosogea sumaku hurudishwa, au muuzaji alipie wufa nyingine. Punguzo la kuridhishana halifai hapa.

Gitaa ndilo linalohitaji utulivu zaidi. Mahali panapovunjika mara nyingi ni pale shingo inapokutana na kichwa, hasa kwa magitaa ambayo kichwa chake kimelala nyuma, kwa kuwa nyuzi huvuta shingo muda wote na pigo dogo la katoni humalizia kazi. Ndiyo maana mtumaji mwenye uzoefu hulegeza nyuzi kabla ya kufunga. Mpasuko mpana, wenye mbao ndefu zinazoshikana vizuri, ukigundishwa na fundi stadi kwa gundi ya mbao na kubanwa siku nzima, unaweza kushika kwa miaka. Lakini gitaa hilo limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake siku utakapotaka kuliuza, na yule anayepiga benga, ambaye mkono wake huishi juu ya freti ya kumi na mbili kwa saa nzima bila kupumzika, atakuwa wa kwanza kugundua kama shingo imekaa upande. Ukibaki nalo, punguzo lazima lilipie hasara hiyo, si gundi pekee.

Amplifaya ichunguzwe transfoma. Ni kipande kizito kuliko vyote, na katoni ikianguka, transfoma inaweza kung'oa skrubu zake na kupinda bati zima. Valvu za kioo zikivunjika si msiba mkubwa, hununuliwa nyingine, ingawa kwetu huku kuzipata ni kazi. Kwa miksa, angalia vile vitelezo vya kupandisha na kushusha sauti: vikipinda kimoja au viwili, ni vya fundi, vikipinda safu nzima, kuna uwezekano ubao ulio chini yake umepata pigo lile lile.

Kurudisha na kubaki nacho, kwa hesabu ya kinanda kimoja

Nitumie hesabu yetu wenyewe. Tulinunua kinanda kwa Sh42,000, nauli ya mzigo ikawa Sh900, na kikafika na vibonyezo viwili vimevunjika na soketi ya sauti imelegea. Fundi wetu wa Kondele alikifungua, akatazama kwa kurunzi, akaniambia, «Mwalimu, hiki hakina ugonjwa, kimeumia tu.» Alitaka Sh5,500. Muuzaji, ambaye kwa haki yake hakuzima simu, alitupa hiari mbili: turudishe kwa nauli yetu atupe pesa zetu, au tubaki nacho aturudishie Sh4,000.

Kwa mtazamo wa haraka, kurudisha kunapendeza, kwa kuwa ni pesa zote. Lakini kurudisha kuna gharama zisizoandikwa. Kinanda kinapita barabara ile ile mara ya pili, na kikiongezewa ufa mwingine, muuzaji atasema ufa wote ni wa kurudi. Kwa wiki mbili tatu hizo kwaya haina kinanda, na sisi tulikuwa tukikodi kwa Sh2,000 kila Jumapili. Na zaidi ya yote, kwa siku kadhaa muuzaji atakuwa na vyote viwili, chombo na pesa, huku wewe ukiwa na picha ya risiti. Kwa muuzaji usiyemjua, hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko kibonyezo chochote. Kama ni lazima kurudisha, omba kwamba pesa zirudi mara tu mzigo utakapokaguliwa katika afisi ya vifurushi ya Nairobi, mkiwa wote wawili kwenye simu ya video, au mtume ndugu aliye Nairobi akabidhi kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine.

Kubaki nacho, kwa upande wake, kuna mtego wa punguzo dogo. Wauzaji wengi hukadiria bei ya fundi peke yake, au chini yake kama alivyofanya huyu. Hesabu iliyo ya haki ina sehemu tatu: gharama ya fundi pamoja na vipuri, tofauti ya bei ambayo mnunuzi mwingine angetoa kwa kinanda kilichowahi kufunguliwa, na gharama ya siku ambazo hukukitumia. Kwetu ilikuwa Sh5,500, tukakadiria Sh2,000 kwa ile ya pili na Sh2,000 ya Jumapili moja. Tulidai Sh9,500, tukatuma makadirio ya fundi yaliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi, tukakubaliana kwa Sh8,000. Pesa ziliingia jioni hiyo hiyo, na ninasadiki kwamba karatasi ya fundi ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote. Usikubali punguzo, hata kubwa, kabla fundi hajakifungua chombo, kwa sababu ukishaipokea pesa umefunga mlango wa kurudisha.

Wapo wanaodhani kuna njia ya mkato ya kutuma ujumbe wa malipo ya M-Pesa kwenda 456 ili pesa zirudi. Huduma hiyo ni ya mtu aliyekosea namba. Haikuwekwa kuamua ugomvi wa bidhaa, na kuitumia dhidi ya muuzaji ambaye bado mnazungumza ni kuharibu mazungumzo.

Msafirishaji

Hii ndiyo njia inayoonekana kuwa ya haki kabisa, kwa kuwa aliyevunja ndiye alipe, lakini kwa uzoefu wangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Sababu ya kwanza ni kwamba mkataba wa usafirishaji ni kati ya kampuni na mtumaji, na mtumaji ni muuzaji. Ukifika dirishani kudai, utaulizwa jina lililo kwenye risiti. Bila barua au simu ya muuzaji huendi mbali, kwa hiyo hata ukimkasirikia, huyo ndiye shahidi wako. Sababu ya pili ni maandishi madogo ya nyuma ya risiti, ambayo kwa kawaida huweka kikomo cha fidia kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa, au husema kwamba vyombo vya umeme na vioo husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe. Spika tuliyowahi kuidai ilikuwa imeandikwa «mzigo, 1» na hakuna zaidi. Tulizungushwa wiki saba, tukapewa kiasi ambacho hakikutosha nauli za kwenda kukifuatilia.

Ukiwa na risiti iliyotaja chombo na thamani yake, pamoja na daftari la karani lenye neno «umeharibika», hesabu hubadilika, na njia hii inaweza hata kuzidi zile mbili. Andika dai ndani ya siku zilizotajwa kwenye risiti, kwa maandishi, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kampuni za kusafirisha vifurushi huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mteja ambaye hakusikilizwa na kampuni anaweza kupeleka malalamiko huko.

Kisheria, swali la nani abebe hasara ya njiani lina jibu ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, muuzaji anapokabidhi bidhaa kwa msafirishaji kwa niaba ya mnunuzi, huchukuliwa, pasipo makubaliano mengine, kwamba amekwisha kumfikishia mnunuzi. Kwa lugha nyepesi, katoni ikishaingia kwenye buti la basi pale Nairobi, inaweza kuhesabika kuwa ni yako. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji aweke mapatano ya usafirishaji yanayofaa aina ya bidhaa, na asipofanya hivyo mnunuzi anaweza kukataa kuyachukulia makabidhiano hayo kuwa ni kupokea. Hapo ndipo video ya katoni isiyo na sponji inapokuwa na thamani, maana inalihamisha kosa kutoka barabarani hadi mikononi mwa aliyefunga. Afadhali zaidi ni kuandika mapema, kabla ya kulipa, ujumbe mmoja tu: «Mzigo ni wako hadi nitakapoukagua Kisumu.» Akijibu «sawa», hilo ndilo makubaliano mengine yanayotajwa na sheria.

Ni vyema pia kutofautisha duka na mtu binafsi. Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 humkinga anayenunua kwa mfanyabiashara, na haki hizo haziondolewi na maandishi ya «bidhaa ikiuzwa hairudishwi». Mwanakwaya mwenzako anayeuza kinanda chake kimoja si mfanyabiashara; kwake unabaki na maelezo aliyoyatoa na yale mliyokubaliana.

Kilichotoka ng'ambo

Kwa vilivyoagizwa Uingereza au Marekani, kurudisha karibu kila mara hushindwa na hesabu ya nauli. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hutoza kwa ukubwa wa katoni pale ukubwa unapozidi uzito: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha hugawanywa, mara nyingi kwa 5,000. Katoni ya kinanda ya 105 kwa 45 kwa 20 hutozwa kama kilo 19 hivi, hata kama kinanda chenyewe kina kilo saba. Kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine uliilipa serikali, hivyo muuzaji akikurudishia bei hakurudishii hizo.

Nguvu yako hapa ni kwamba pesa zinaweza kuwa bado ziko mahali zinapofikiwa. Dhamana ya kurejesha pesa ya eBay, ile tovuti ya mauzo, humpa mnunuzi siku 30 tangu kufikishiwa kulalamika kwamba kitu si kama kilivyoelezwa, na PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, hupokea mzozo hadi siku 180 tangu malipo. Lakini sikiliza jambo hili, kwa sababu ndilo linalowakamata watu wa huku: dhamana hiyo ya eBay haifuati mzigo uliofikishwa kwanza kwa wakala wa London, kisha wakala akausafirisha hadi Kenya. Kwa eBay, safari iliishia London. Basi kwa chombo kilichopitia kwa wakala, njia halisi ni kumdai wakala mwenyewe, au kukitengeneza.

Wakikataa wote

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya hadi Sh1,000,000, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa na ya uharibifu wa mali, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili, na Kiswahili kinaruhusiwa. Kwa kibonyezo cha Sh5,500 sioni faida yake. Kwa amplifaya ya Sh90,000 na muuzaji ambaye jina lake kamili unalo kwenye ujumbe wa M-Pesa, ningeenda.

Kwa hiyo, mimi binafsi, kwa kinanda au miksa yenye jeraha dogo, hubaki nayo na kudai punguzo la sehemu tatu. Kwa wufa yenye mkwaruzo na ubao uliopasuka, hurudisha. Na kwa msafirishaji huenda tu nikiwa na risiti iliyotaja thamani. Gitaa ndilo hunitia shaka kila mara. La mwisho tulilopokea lilikuwa na ufa mwembamba nyuma ya kichwa, mwembamba kiasi kwamba kijana wetu wa besi aliapa ni mkwaruzo wa rangi. Nililegeza nyuzi, ufa ukajifunga, nikazikaza, ukafunguka. Lilirudi Nairobi siku ya tatu, nyuzi zikiwa zimelegezwa, ndani ya katoni mbili, na safari hii risiti ilisema «gitaa, Sh28,000».